Koti Lililofuliwa

Malaga, Hispania
16 Juni 1912

Kwa mdogo wangu Mwaisha, Bigwa, Morogoro, kwa mkono wa Yusufali mwenye duka karibu na stesheni.

Barua hii ikukute mzima, wewe na nyumba yako yote, na yule mbuzi mwenye pembe moja kama bado yu hai. Mimi sijambo. Goti la kushoto hunipa kila asubuhi habari nisizoliuliza, lakini nalijibu na tunaendelea. Nimesoma gazetini kwamba reli yenu inakaribia Tabora. Nilipoondoka kwetu, mtu wa Morogoro akitaka kwenda pwani alitazama kwanza miguu yake.

Huku habari ni moja tu. Bwana, yule Mjerumani wa zabibu kavu niliyekuja naye hapa kutoka Hamburg, amenunua motokaa. Kila Jumapili sasa tunatoka alfajiri na kurudi usiku. Nasema "tunatoka" kwa sababu na mimi nimo, tena mbele, kando ya dereva Antonio. Nyuma hukaa Bwana, Bibi, na kofia ya Bibi, ambayo inahitaji kiti chake.

Jumapili iliyopita tulikwenda mji uitwao Antequera. Uko nyuma ya milima kama Mgeta ilivyo nyuma yenu, na barabara hupanda kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeogopa kusema jambo lake. Jua la hapa si jua la kwetu. La kwetu hukupiga, kisha wingu la mlimani likakupa maji ya kunawa. La hapa hukaa utosini kama mgeni asiyejua kuaga. Tulivaa makoti marefu ya vumbi na miwani mikubwa ya kukinga macho. Tuliposimama kijijini, punda watatu walitutazama kwa makini, wakashauriana, wakarudi zizini.

Motokaa ina tumbo la maji upande wa mbele. Ikipanda mlima, maji huchemka, inabidi isimame ipewe mengine. Ikisimama, mimi hushuka kuitazama.

Sasa lile ulilolitaja. Umeandika kwamba mwanao Pili yu ndani, na siku ya kumtoa nitatakiwa mimi. Sijasahau. Binti wa nyumba yetu akivunja ungo huwekwa ndani, na akitoka hutoka juu ya mabega ya mjomba wake, na mjomba aliyebaki ni mimi peke yangu. Nitakuja. Ila katika joto hili hakuna mtu wa kuombwa ruhusa, wote wamelala. Jua likipungua, nitakuja.

Nakutumia zabibu. Mpe Pili fungu lake, na umwambie zimekaa juani kuliko yeye.

Kaka yako,
Mikidadi


Bigwa
4 Agosti 1912

Kaka Mikidadi, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mbuzi mwenye pembe moja tulimla zamani. Nilikuandikia, ukajibu kwamba nimsalimie. Yusufali anakusalimu. Salehe, mtoto wa marehemu dada yetu, anakusalimu pia. Anakula vizuri. Habari ya kazi bado anaifikiria.

Barua yako niliisoma barazani, watu wakajaa. Agustino mtani wetu, yule aliyebatizwa misheni wakasahau ulimi, alitaka nirudie pale pa punda. Nikarudia. Kisha akaniuliza mbele ya watu, "Mama Pili, mbona maji yakichemka anayeshuka ni Mikidadi? Hao wa nyuma hawana miguu?"

Nikamwambia, "Kalale kwenu, Agustino."

"Nauliza tu. Mtu akialikwa karamu kisha akawa yeye ndiye anayekoka moto, huyo ni mgeni?"

Mimi sikuulizi kitu, kaka.

Pili yu ndani tangu masika ya mwaka jana. Haonwi na mtu ila mimi na kungwi wake, na hasemi kwa sauti, hunong'ona. Lakini mnong'ono wa binti huyu unasikika mpaka mtoni. Anasuka ukili kutwa. Kwa mikeka tuliyo nayo twaweza kuitandika njia nzima kutoka hapa mpaka boma. Wenzake waliowekwa ndani wakati mmoja naye wametolewa, kwa kuwa wajomba zao wanakaa Kilakala, hawakai Hispania. Jioni hupita nyuma ya ukuta wetu wakiimba makusudi.

Zabibu amekula zote, na zangu. Kisha akaninong'oneza niandike hivi: "Mjomba, zabibu zako zimekaa juani ili zije kuliwa. Mimi nakaa gizani ili iwe nini?"

Jua la kwetu halijapungua tangu uondoke. Njoo hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Mwaisha


Malaga
29 Septemba 1912

Mdogo wangu Mwaisha,

Marahaba, na nyote huko marahaba. Pole kwa mbuzi. Agustino mwambie kwamba kushuka garini kuna faida zake, mtu hunyoosha goti.

Jumapili mbili zilizopita tumekwenda mbali. Kwanza Ronda, mji uliokatwa katikati na korongo, na daraja la mawe limeruka toka upande mmoja hadi wa pili. Tulipofika motokaa ilikuwa inatoa moshi kama chungu, nikachukua debe kutafuta maji. Nilipopita darajani nikainama kutazama chini. Mto mdogo, maji meupe, sauti ile ile. Nilisimama pale mpaka Antonio akapiga honi. Ukifumba macho, Mwaisha, unaapa ni Mto Morogoro unavyoshuka baada ya mvua za vuli. Ukifumbua, ni Wahispania.

Jumapili ya pili tulikwenda Gharnata, kwenye jumba kubwa la wafalme wa Kiislamu wa zamani. Kuta zake zimeandikwa kwa Kiarabu toka chini hadi juu. Bwana na Bibi wana kitabu cha kuwaeleza. Mimi nilisoma ukutani. Maji yanapitishwa katika mifereji ya mawe chumba hadi chumba, kama mifereji ya bustani zetu za mlimani, ila wao hawakupanda magimbi. Hilo nililiona kosa.

Mchana watu wote wa nchi hii hufunga madirisha na kulala, hata polisi. Jioni hula mchuzi wa nyanya na vitunguu usiopikwa, baridi kabisa. Nimeuzoea.

Kuhusu safari yangu, nilidhani Septemba ingekuwa nafuu. Antonio anasema joto la Septemba ndilo baya kuliko yote, maana limekwisha kuzoea watu. Mwambie Pili avumilie kidogo. Giza pia ni kitu cha heri. Leo barabarani ningelinunua.

Kaka yako,
Mikidadi


Bigwa
17 Novemba 1912

Kaka, shikamoo.

Hatujambo. Salehe anaumwa tumbo, alikula magimbi mabichi akisema ndivyo wanavyokula huko kwenu. Mchuzi baridi, kaka? Hapa mchuzi ukiwa baridi tunauliza mpishi amepatwa na nini.

Barua yako Pili niliisomea mwenyewe, mlango umefungwa. Ilipofika pale pa kulinunua giza aliuweka ukili chini, akageukia ukutani. Hilo lilinitisha kuliko maneno yake yote.

Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema yako mambo mawili tu ya kumtoa mwali wetu. La kwanza, mjomba aje. La pili, mjomba afe, jina lake lirithiwe na mtoto wa dada yake, na mrithi ndiye awe mjomba, ambebe. Nikauliza kama liko la tatu. Wakatazamana. Mmoja akasema, "La tatu ni kungoja jua la Hispania lipungue," na mkutano ukavunjika kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Huyu mtoto atazeeka humo ndani.

Mwaisha


Bigwa
9 Machi 1913

Kaka, shikamoo.

Hujaandika tangu vuli. Masika imeanza, mlima hatuuoni kwa mawingu. Niandikie japo mstari mmoja kwamba u mzima.

Mwaisha


Malaga
25 Mei 1913

Mdogo wangu Mwaisha,

Ni mzima. Wakati wa baridi nilipata mafua kidogo, si jambo la kuandikiwa barua. Bwana alinipa kiti karibu na jiko, na Antonio alikuwa akija kuniambia motokaa inaniulizia. Sasa joto limerudi, na sisi tumerudi barabarani. Jana tulikuwa Nerja, pwani, ambako Bibi alishuka akakanyaga maji kwa dakika chache akasema amepona. Sikujua alikuwa anaumwa.

Maneno ya wazee nimeyafikiri sana kitini pale, na nimepata la tatu. Kumbuka alivyokuwa akisimulia marehemu mama yetu. Siku ya kutolewa yeye, mjomba wake alikuwa safarini na msafara wa pembe. Akatuma kanzu yake, mtu mwingine akaivaa, na mama akatoka juu ya mabega ya kanzu. Kama kanzu ilifaa, kwa nini lisifae koti?

Basi nimekwisha kutuma sanduku katika meli ya zabibu. Ndani kuna koti langu la motokaa, kofia yangu, na miwani ya vumbi. Salehe avae, ana mabega mapana yasiyochoshwa na kitu. Ambebe Pili kwa niaba yangu, na mwali atoke.

Koti lilikuwa na jasho na vumbi la kiangazi kizima, toka Antequera hadi Gharnata. Nikaona aibu. Sikutaka Bigwa waseme mjomba wa Pili ananuka. Nimelifua kwa mkono wangu, nikalipiga pasi, nikalikunja vizuri, nikalifunga katika shuka jeupe lisishike uchafu wa melini. Utafurahi ukiliona.

Kaka yako,
Mikidadi


Bigwa
10 Agosti 1913

Kwa marehemu kaka yangu Mikidadi.

Sijui kama marehemu huamkiwa. Shikamoo hivyo hivyo.

Kaka, ulifanya nini?

Sanduku lililetwa na Yusufali mwenyewe. Alifunga duka saa nne asubuhi, jambo asilolifanya hata siku ya arusi yake, akapanda mpaka Bigwa kwa miguu, kofia mkononi. Akasema, "Mama Pili, kimekuja hiki kutoka Malaga. Barua hakuna." Hakutaka hata maji.

Tukafungua. Shuka jeupe. Shuka jeupe, kaka! Huko Hispania hakuna gunia? Ndani yake koti limekunjwa, juu ya koti kofia, juu ya kofia miwani, vimepangwa kama mtu aliyelazwa. Nikasema moyoni, labda bado yu hai. Kungwi wa Pili akalichukua lile koti, akalifunua, akanusa kwapani. Akageuza, akanusa kwapa la pili. Watu wote wanamtazama pua. Akasema, "Sabuni."

Nyumba nzima ikaangua kilio.

Hivi ulisahau kweli? Nguo ya mtu aliye hai ikitumwa haifuliwi. Huja na jasho lake, na jasho ndilo linalosema "nipo". Ile kanzu ya msafara wa pembe, mama alikuwa akisema ilinuka mpaka mbuzi wakakimbia, na watu wakaipigia vigelegele. Nguo iliyofuliwa ni ya marehemu. Hilo kila mtoto wa Bigwa analijua, na wewe ulilijua kabla hujajua Kijerumani.

Basi tukakaa matanga. Mwalimu wa chuo akakusomea Yasini. Salehe alilia vizuri, sikutegemea. Siku ya tatu akaingia Agustino, na unajua kazi ya mtani msibani ni kumwigiza aliyekufa. Akachukua koti akavaa, akavaa kofia, akavaa miwani. Akalaza kinu uani, akakipanda, akapiga honi kwa mdomo. Watoto wakamsukuma. Kila akifika hatua mbili tatu anapiga ukelele, "Simama! Yamechemka! Nani ashuke?"

Uani pote wakajibu, "Mikidadi!"

Anashuka, anachechemea kwa goti la kushoto, anakipa kinu maji kwa kata, anapanda tena. "Simama! Yamechemka! Nani ashuke?" "Mikidadi!" Mwisho akasimama juu ya kinu, akatazama mlimani kwa ile miwani, akasema kwa sauti yako. Sijui aliipata wapi, alikuwa mtoto ulipoondoka. Akasema, "Nitakuja! Jua likipungua!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nami nilicheka. Kisha nikashindwa kuacha, na kilichokuwa kinanitoka hakikuwa kicheko tena. Agustino akavua miwani akaja akakaa karibu nami, hakusema neno. Ndiyo mara ya kwanza.

Matanga yalipoanuliwa, Salehe alirithi jina. Sasa yeye ndiye Mikidadi. Na Mikidadi akamtoa Pili.

Alimtoa mchana, jua la utosini, amevaa koti lako lote na vifungo vyote. Mwali aliyekaa ndani miaka miwili akila zabibu si mzigo mdogo. Mikidadi wetu alipofika katikati ya uwanja alianza kutetemeka kama motokaa inayopanda, jasho linachuruzika mpaka kwenye pindo. Agustino akapaza sauti, "Yamechemka!" Kina mama wakaja na vibuyu wakammwagia maji kichwani, ngoma ikaendelea. Pili macho yake yalikuwa hayajaona mwanga. Kabla ya hapo, alipofika mlangoni, alishtuka akataka kurudi. Akaomba ile miwani. Basi mwanao alitoka hivyo, kaka, juu ya mabega, shanga shingoni na miwani ya vumbi usoni, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mlima.

Baada ya hayo yote ikaja barua yako ya Mei.

Sasa nifanye nini nawe?

Mwaisha


Malaga
21 Septemba 1913

Mdogo wangu Mwaisha,

Mimi, marehemu, nakuandikia. Si mzima sana, si mfu sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko gazeti lolote.

Jumapili iliyofuata sikupanda motokaa. Antonio alikuja mlangoni akauliza kuna nini. Nikamwambia nimefiwa. Akavua kofia, akauliza nimefiwa na nani. Nikamwonyesha barua yako, asiyojua kuisoma.

Niambie ni kina nani waliolia, ukimwacha Salehe. Niambie mlipika nini. Niambie kama mlima ulikuwa wazi siku ile au umefunikwa, maana hukusema.

Liko jambo moja dogo ambalo halinitoki kichwani, mimi ambaye kazi yangu kwa Bwana ni kuhesabu meli. Meli ya zabibu husimama kila bandari. Barua za posta huchukuliwa na meli ya haraka. Barua yangu ilipaswa kulipita sanduku njiani na kufika kwanza, au angalau kufika wakati wa matanga. Ilifika lini hasa?

Na huyo Salehe, jina langu analitunzaje? Nililitumia miaka sitini bila kulichana.

Nimefurahi kwamba Pili ametoka. Nimefurahi sana. Nilitaka kuandika maneno mengine hapa, lakini joto.

Aliyekuwa kaka yako,
zamani Mikidadi


Bigwa
9 Novemba 1913

Kaka, shikamoo. Nimeulizia, wanasema kuamkia hakudhuru.

Tulipika wali na kunde. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Waliolia ni wengi, hata Yusufali, aliyesema wewe ndiwe mteja pekee ambaye hajawahi kuingia dukani kwake.

Umeuliza barua ilifika lini. Masika ya mwaka huu ilikuwa kubwa, kaka, mito yote ilijaa. Nilimuuliza na Pili, maana siku zile kila kilichotoka kwako nilikiweka chumbani kwake. Anasema kulikuwa na giza, hakuona kitu, na mimi sikuinua mikeka yake kutazama.

Salehe analitunza jina lako vizuri. Tangu alirithi amekuwa wewe mtupu. Anaahidi kuja kulima, haji. Juzi alinikaripia akasema, "Mimi ni kaka yako mkubwa," nami nimemfunga nepi kwa mkono huu. Nikampa kuku kwa heshima yako.

Sasa nisikilize. Wazee wamekaa tena juu yako. Aliyekwisha kufanyiwa matanga hakatazwi kurudi kwao, ila harudi kwa mlango. Huingizwa kwa nyuma kama mtoto mchanga, akapewa jina jipya, akakaa ndani bila kuonwa mpaka mtu wa nyumba amtoe. Na huyo, kaka, hana kazi ya mjomba tena. Hatakiwi kubeba mtu. Nakuandikia tena ulisome polepole: hatakiwi kubeba mtu. Goti lako na mabega yako hayana deni hapa. Na hakuna atakayekuuliza nani alishuka maji yalipochemka, kwa kuwa hilo tumekwisha kulicheka, na Agustino hana jipya.

Wazee wameamua atakayekutoa nje ni Pili. Nikaenda kumwambia. Alikuwa anaanika mpunga. Siku hizi hakai kivulini hata ukimlipa, amekuwa mweusi mpaka anang'aa, na ile miwani ameitundika shingoni. Akafikiri kidogo. Akasema, "Nitamtoa. Mwambie, jua likipungua."

Njoo, kaka. Na chochote utakachokuja nacho, usikifue.

Mdogo wako,
Mwaisha


Aden, melini
18 Januari 1914

Mdogo wangu Mwaisha,

Huenda barua hii na mimi tukafika kwa Yusufali siku moja. Ikitangulia yenyewe, msome bila kulia. Naja nyuma yake.

Nimeaga Malaga. Bwana aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia jua likipungua. Alifurahi, aliona jambo la busara. Bibi alinipa kofia yake moja ya zamani kwa ajili yako. Imechukua kitanda cha juu, mimi nalala cha chini. Antonio alinisindikiza bandarini kwa motokaa. Njiani maji yalichemka, nikakaa kitini mwangu nikatazama bahari, akashuka yeye.

Nimevaa shati moja tangu siku ile. Sijalivua, sijalitia maji, na Bahari ya Shamu tumeipita bila upepo. Abiria wenzangu walianza kwa kufungua madirisha, kisha wakahamia upande wa pili wa sitaha. Jana msaidizi wa nahodha alikuja kuniuliza kwa adabu kama nina shida ya sabuni. Nikamjibu sina. Nikamweleza kwamba nakwenda nyumbani na hii ndiyo hati yangu ya kuonyesha ni mzima. Alirudi nyuma hatua mbili akasema hana shaka yoyote.

Mwambie kungwi atayarishe pua.

Mwambie Pili nakubali hukumu yake, anitoe atakapopenda. Nitanong'ona. Ukili mniletee, nitajifunza. Ila naomba jambo moja: chumba mtakachoniweka kiwe na dirisha upande wa mlima, na liachwe wazi. Jua nimeliona la kutosha. Mlima ndio bado.

Kaka yako,
asiye na jina mpaka mmpe